Viriba vya Ahero kwenye meza ya fundi simu

Shangazi yangu analima mpunga Ahero, karibu na Kisumu. Siku moja mwaka juzi alikuwa ameinama anapalilia, simu ikamchomoka kifuani ikatumbukia majini. Hakuizika kwenye mchele kama wengi wanavyofanya. Aliifunga kwenye leso, akapanda matatu, akaja moja kwa moja hadi kibandani kwangu Kondele, leso ingali inachuruzika maji. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kiluo, "humu ndimo mna namba za chama chote."

Ilikuwa kabambe, zile simu za vitufe, na kabambe hazifi upesi. Nilifungua mgongo, nikatoa betri, na chini yake nikakuta uzi wa kijani, mwembamba kama wa kushonea, umejikunja penye pini za betri. Nikaunyanyua kwa kibanio niutupe. Hadubini ilikuwa imewashwa kwa ajili ya bodi ya simu nyingine, nikaupitisha chini yake kwanza.

Uzi ule ulikuwa umejaa vifuko. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa kichwa cha pini, kinapenya mwanga kama kioo, kimeshikizwa kwa kikonyo kifupi, na upande mmoja kina mdomo wenye nywele. Ndani ya kifuko kimoja mlikuwa na kidudu kizima, miguu imekunjwa, na jicho moja jeusi linaonekana wazi. Ufundi nimeufanya miaka kumi na mmoja. Nimeona kutu ya kila namna, nimetoa mende ndani ya spika na mchanga wa ziwani ndani ya kamera. Mmea uliomeza mnyama sikuwahi kuuona. Nikamwita shangazi achungulie. Akatazama, akainua kichwa, akasema, "Hilo ni gugu tu. Tunaling'oa kila siku tunalirusha kwenye tuta."

Simu yake ikapona. Jumapili iliyofuata nilikuwa Ahero nimevaa gambuti, ndoo mkononi.

Gambuti nazitaja kwa sababu najua kuna watakaosoma haya na kukimbilia mtaroni miguu mitupu. Maji ya huku kwetu yana konokono wanaobeba kichocho. Vaeni gambuti, na mkitoka mnawe kwa maji safi.

Ndani ya shamba la shangazi mmea huu hauko kila mahali. Penye mpunga wenyewe, palipomwagwa mbolea, nilipata nyuzi chache dhaifu. Ulikokuwa umejaa ni kona moja ya bondeni asiyoipanda, ambako maji ya mvua hutuama na nyasi za majini zinajifia zenyewe. Pale nyuzi zilikuwa zimesokotana kama nywele za mtoto ambaye hajachanwa wiki nzima. Sikujua wakati ule kwamba kona ile ilikuwa inanionyesha kila kitu nilichohitaji kujua. Ilinichukua kuua mimea miwili ndipo nikaelewa.

Kwanza jina. Kiswahili cha mtaani kinauita gugu la maji, jina ambalo tumelipa pia lile gugu la zambarau linalofunika Ziwa Victoria, na hawa wawili hawana undugu. Jina la kitaalamu ni Utricularia, lililotolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753 kutokana na neno la Kilatini la mfuko mdogo wa ngozi. Mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji sisi tuna jina lake tangu zamani: kiriba. Kwa hiyo nyumbani kwangu mmea huu unaitwa viriba, na nitauita hivyo hapa. Viriba viko zaidi ya aina 200 duniani, hakuna jenasi nyingine, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, ya mimea inayokula wanyama yenye aina nyingi kiasi hicho. Huu wangu ni Utricularia gibba, unaopatikana sehemu nyingi za Afrika na nje yake. Hauna mizizi kabisa. Unaelea tu, au unalala kwenye tope la maji ya kina kifupi, na chakula ambacho mimea mingine inakinyonya ardhini wenyewe unakiwinda.

Mmea wa kwanza niliuweka kwenye beseni la maji niliyonunua kwa mkokoteni, maji ya kisima. Ni maji safi, tunayanywa yakishachemshwa. Siku ya nne nyuzi zilikuwa za kahawia, siku ya saba ukizigusa zinayeyuka kama tambi zilizopikwa zikasahaulika jikoni. Birika langu lingeniambia mapema kama ningeliuliza: maji yale yale huacha utando mweupe mgumu chini yake. Ni chumvichumvi za mwambani, na viriba havizitaki. Mimi nimekulia Nakuru, ambako maji ya visima yana floraidi nyingi hadi meno ya watoto yanabadilika rangi, ningepaswa kukumbuka kwamba maji yanaweza kung'aa na bado yakawa yamebeba mzigo.

Wa pili niliuua kwa mapenzi. Mtu mmoja anayeuza miche kando ya barabara aliniambia kila mmea hupenda chakula, nitie mbolea ya punje, kijiko kimoja tu. Nikatia. Baada ya siku tano maji yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa sukuma. Mwani, ule uzi unaoteleza, ulivizunguka viriba kila upande mpaka sikuona tena mwanga ukifika ndani. Nilikaa jioni nzima nikijaribu kuutoa kwa kibanio, uzi kwa uzi, na kila nilipovuta mwani nilikuwa navuta na mmea. Nililia, sioni aibu kusema. Ulikuwa umebaki mzima kipande cha urefu wa kidole kimoja, nacho kikafa Jumatano.

Nikarudi Ahero, na safari hii sikuchota kitu kwanza. Nilisimama kwenye ile kona nikaiangalia. Maji ya mvua. Nyasi zilizokufa. Rangi ya chai ya rangi iliyopungua majani. Hakuna mbolea. Mmea huu unawinda kwa sababu maji yake ni maskini. Nyama ya vidudu ndiyo inayoupa naitrojeni na fosforasi ambazo maji hayana. Ukiyatajirisha maji, wanaofaidika kwanza ni mwani, na mwani ukishatamalaki viriba vinakosa mwanga na pumzi. Kazi yangu yote tangu siku ile imekuwa kulinda njaa ya maji yale.

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa, na imeshapita miaka miwili bila msiba.

Nina beseni pana la plastiki, maji yana kina cha shubiri moja. Maji ni ya mvua peke yake. Huku Kisumu mvua nyingi huja alasiri na radi zake, na mimi sikingi matone ya kwanza, kwa sababu hayo yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya mabati. Nangoja kama robo saa ndipo natia mtungi chini ya mfereji. Mitungi miwili ya lita ishirini huwa naifunga na kuiweka uvunguni kwa ajili ya Januari na Februari, jua linapokausha beseni vidole viwili kwa wiki. Kujazia beseni kwa maji ya kisima hata kidogo ni kosa, maana maji hupaa na chumvi hubaki, na kila ukijazia unaongeza chumvi juu ya chumvi.

Chini ya beseni natandika mabua makavu ya mafunjo, nimeyakatakata urefu wa kidole na kuyaloweka siku mbili kwanza, maji ya kuloweka namwaga. Watu wengi wakiyaona wanadhani nimesahau kusafisha. Mabua yakioza taratibu yanayapa maji ile rangi ya chai inayozuia mwani, na yanatoa hewa ya ukaa ambayo mmea wa chini ya maji unaihitaji sana kwa kujitengenezea sukari. Mabua ya mpunga niliyajaribu, yakaoza haraka mno na maji yakanuka.

Beseni liko mlangoni upande wa mashariki. Linapata jua la asubuhi mpaka saa tano, kisha kivuli cha ukuta. Jua la mchana la huku litayapasha maji mpaka uyaonee moto kidoleni. Juu nimefunika kipande cha neti kuukuu, nitaeleza.

Na chakula: kikombe kimoja cha maji ya mtaro kila baada ya wiki mbili, nikiyapitisha kwenye chujio la chai ili konokono na viluwiluwi wa vyura wabaki nje, kwa sababu wote wawili watatafuna mmea. Yanayopita ni viroboto maji na vidudu vingine vidogo kama vumbi linalotembea. Hakuna kingine. Hakuna sukari, hakuna maziwa, hakuna damu ya samaki, ingawa yote hayo nimewahi kushauriwa.

Sasa nirudi kwenye hadubini, maana huko ndiko moyo wangu ulipo.

Hadubini ya fundi simu haikuzi sana, ni ya kuona njia za shaba na kulehemu vitu vidogo kuliko chembe ya chumvi. Kwa viriba inatosha kabisa. Natoa uzi mmoja kwa kibanio, naulaza juu ya protekta ya skrini iliyopasuka, nautonea maji, nawasha taa ya pembeni. Kiriba kilicho tayari kuwinda kimebonyea, kuta zake mbili zimeingia ndani kama mashavu ya mtoto anayefyonza kokwa la embe. Kimekuwa kikisukuma maji nje polepole, tone lisiloonekana baada ya tone, hadi ndani kuna upungufu na nje kuna msukumo. Mlango umefungwa. Karibu na mlango kuna nywele chache ngumu zimesimama.

Kiroboto maji kinakuja kwa kurukaruka. Kinalamba hapa, kinagusa pale. Kinagusa unywele. Halafu hakipo. Hukuona kikiingia. Kilikuwa nje, sasa kiko ndani, na kiriba kimetuna kimejaa, mlango umeshafungwa. Nilichukua simu yenye kamera nzuri, ile ya kupiga picha 240 kwa sekunde, nikaiegemeza kwenye lenzi na kurekodi mara tisa. Katika zote tisa, picha moja kidudu kiko nje na picha inayofuata kiko ndani. Kati ya picha hizo mbili hakuna kitu. Watafiti wa Ufaransa waliotumia kamera za kasi kubwa kuliko hizo walichapisha vipimo vyao mwaka 2011: mdomo unafunguka na kufyonza kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na maji yanayoingia huvutwa kwa nguvu inayofika mara 600 ya mvuto wa dunia.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna mlango unavyofanya kazi, kwa sababu niliijua tayari kwa vidole vyangu. Ukifungua kabambe, chini ya kila kitufe kuna kibati cha mviringo kilichotuna. Ukikibonyeza hakishuki taratibu. Kinavumilia, kinavumilia, kisha kinageuka ghafla na ndipo namba inaandikika. Mlango wa kiriba umetuna vivyo hivyo kuelekea nje. Maji yanausukuma na unavumilia. Unywele ukiguswa kidogo, mtuno unageuka upande wa pili na mlango wote unasalimu amri. Hakuna waya, hakuna betri, hakuna msuli. Baadaye kiriba kinaanza tena kusukuma maji nje, na baada ya kama nusu saa mashavu yamebonyea, kiko tayari.

Binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, aliangalia haya yote kisha akanitegea: "Kitendawili!" Nikamjibu, "Tega." Akasema, "Nyumba yangu haina ufunguo, mgeni akigusa unywele wa mlangoni amekwisha kuwa chakula." Nilikuwa nalijua jibu, lakini nilimpa mji ili anipe jibu mwenyewe.

Watu wamekodolea macho mlango huu zamani sana. Charles Darwin aliandika mwaka 1875 kwamba kidudu hujisukuma chenyewe kwa kichwa mpaka kikaingia. Hapo hakuwa sahihi, na simlaumu, kwa sababu kwa jicho la kawaida hakuna la kuona. Wakati huohuo huko New Jersey, Marekani, alikuwako mama mmoja, Mary Treat, aliyekuwa akikaa na hadubini yake nyumbani akitazama viriba vikikamata viluwiluwi wa mbu, na Darwin aliutaja mchango wake waziwazi. Huyu nampenda. Mara nyingi nikiwa nimefunga kibanda, taa ya hadubini peke yake ndiyo inawaka, namfikiria.

Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, ya aina hii hii niliyo nayo. Ina herufi kama milioni 82 tu, ilhali ya binadamu ina bilioni 3, lakini jeni zake ni takriban 28,500, nyingi kuliko zetu. Mteja mmoja, kijana wa chuo, nilipomweleza alinyamaza kabisa, kisha akaomba kuangalia tena.

Swali la mbu naulizwa karibu kila siku, na hapa Kisumu si swali la mzaha. Malaria imepita katika nyumba yangu, imepita katika nyumba ya kila mtu ninayemjua. Ndiyo, viriba vinakula viluwiluwi wa mbu. Nimeona kwa macho yangu kiluwiluwi aliyeanguliwa jana akifyonzwa mzima, na mkubwa zaidi akinaswa mkia, akipigapiga kichwa nje, mpaka baadaye akaishiwa nguvu. Lakini kiluwiluwi aliyekomaa hukishinda kiriba, na kiriba kimoja hula kidogo. Beseni lililo wazi litazalisha mbu hata liwe na viriba vingi kiasi gani. Ndiyo maana nimelifunika neti. Na kitandani nalala ndani ya neti nzima, watoto vilevile. Asikudanganye mtu kwamba mmea huu utakulinda na malaria. Sijauza hata uzi mmoja kwa ahadi hiyo, ingawa nimeombwa.

Kuhusu kichocho, jambo moja lilinigusa: mwaka 1970 kulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba viriba vinafyonza vijidudu vya kichocho vinavyoogelea majini, vile vinavyomtafuta konokono na vile vinavyomtafuta binadamu. Hilo ni katika vyombo vya maabara, na bonde la Nyando, liliko shamba la shangazi, si chombo cha maabara. Gambuti zangu bado navaa. Hata hivyo kila nikisimama kwenye ile kona ya shangazi nalikumbuka.

Ua lilikuja mwezi wa kumi na tano tangu nianze upya. Nilikuwa nimesafiri kwenda Nakuru kwa mazishi, siku kumi, maji ya beseni yakashuka mpaka nyuzi zikalala kwenye tope. Nilirudi nikidhani nimepoteza kila kitu. Nikakuta kijiti chembamba kimesimama, urefu wa kidole cha kati, na juu yake ua moja la manjano lenye midomo miwili, dogo kama ukucha wa kidole kidogo, na vimistari vyekundu vimetambaa kooni mwake. Kumbe kupungua kwa maji ndiko kulikoliita. Siku hizi kila kiangazi naliacha beseni moja lishuke makusudi.

Mmea unakua. Kila miezi mitatu nakata nusu na kuwagawia watu kwenye chupa za jemu: mwalimu mmoja wa sayansi, jirani, daktari mmoja wa macho aliyeleta simu. Ninawaomba wote kitu kimoja: wakichoka nao, waukaushe juani kabisa ndipo wautupe. Hapa kwetu ni mwenyeji, lakini New Zealand viriba hivi hivi vimekuwa gugu la kusumbua, na sisi wa ziwa hili tunajua uchungu wa gugu la mgeni. Wa kwetu ubaki kwetu, na ule wa ng'ambo, anayeletewa kwa posta asiufikishe mtaroni.

Mwezi uliopita shangazi alikuja kliniki akalala kwangu. Asubuhi alikuta nimeinamia beseni akauliza kama bado nafuga yale magugu. Nikatoa fungu zima kwa mkono, nikalitikisa maji kidogo, nikalisogeza sikioni mwake. Viriba vikitolewa majini vinafyonza hewa badala ya maji, na kama umetulia unavisikia: tik, tik-tik, tik, kama chumvi iliyomwagikia jikoni penye makaa.

Alisikiliza muda mrefu, amefumba macho.

"Hii sauti naijua," akasema. "Tukirusha magugu kwenye tuta huwa inalia hivi. Tangu nikiwa msichana. Nilidhani ni povu la maji."

Akalichukua fungu kutoka mkononi mwangu, akalisogeza kwenye sikio la pili.